Daktari wa Hesabu

Benchi ni ubao mmoja wa mgrivea uliopigiliwa juu ya magogo mawili, nje ya ghala la kahawa, hatua chache kutoka stendi ya Kayanga. Upande wa kushoto hukaa Rwezaura, aliyegombea udiwani mara mbili akaambulia jina la Mheshimiwa. Katikati hukaa Cleophace, ambaye alilinda geti la zahanati miaka kumi na moja, na kwa ajili hiyo huitwa Dokta na huletewa vidonda avitazame. Upande wa kulia, karibu na mlango wa ghala, ni pa Xaveri, mbeba magunia, ambaye wenzake humwita Gunia na ambaye hunyanyuka kila lori la kupakia likifika. Kahawa ni ya Kokubanza, mama wa makamo mwenye jiko la mkaa, birika jeusi na vikombe sita. Yeye hana cheo chochote hapo, ila anayemuudhi hanywi.

Jumamosi hiyo Xaveri alifika kabla Kokubanza hajawasha jiko, na ghala hufunguliwa saa tatu. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo. Kokubanza alimtazama, akapuliza mkaa wake, akangoja mpaka wale wengine wawili walipokaa na vikombe vikajaa. Ndipo akauliza.

— Gunia, huko kwako kumeingia nyoka?

— Hapana, waitu.

— Speciose kakufukuza?

— Hajanifukuza.

— Basi unamkimbia nani?

Xaveri akanywa kahawa yake kwanza, na ilikuwa ya moto kiasi cha kumpa muda wa kufikiri.

— Namkimbia Uwizeye.

Wote wakageuka. Uwizeye alikuwa mtoto wake wa kwanza, binti wa miaka ishirini na tisa, aliyesoma mpaka shahada ya pili. Kijiweni habari zake zilijulikana kuliko bei ya kahawa ya maganda, maana Xaveri hakuwa na habari nyingine ya kuleta. Binti mwenyewe hakuwa mkali. Kumkimbia kulitaka maelezo.

— Ana barua mbili, — alisema Xaveri. — Ya kwanza ni ya kazi. Afisa takwimu, hapa hapa wilayani. Aripoti Jumatatu.

— Hiyo tunaijua, — alisema Rwezaura. — Umetutangazia tangu Pasaka. Meza, kiti cha kuzunguka, na jina mlangoni.

— Ya pili imetoka chuo cha Ulaya. Wanamtaka akasome miaka minne mingine. Udaktari. Na wao nao wanataka jibu Jumatatu. Jumatano jioni aliziweka zote mbili mezani, akaniambia, Baba, nataka neno lako. Nikamwambia nitafikiri. Tangu hapo natoka kabla hajaamka.

Cleophace alikohoa, kama alivyokuwa akikohoa getini mtu akitaka kupita bila kuulizwa.

— Udaktari wa nini?

— Afya ya jamii. Na takwimu.

— Atachoma sindano?

— Hachomi.

— Atapasua?

— Hapasui.

— Sasa huyo ni daktari gani, Gunia? Mimi sijaona daktari asiyechoma wala kupasua. Labda wa meno, na hata yeye anang'oa.

— Ni daktari wa hesabu. Anahesabu wagonjwa.

— Wagonjwa nilikuwa nawahesabu mimi. Walioingia na waliotoka. Hakuna aliyenipa udaktari.

— Tulikupa sisi, — alisema Kokubanza, akamwongezea kahawa.

— Na watamlipa, — Xaveri aliendelea, kwa kuwa hapo ndipo palipomtatiza zaidi. — Ada ni juu yao, na mshahara anapata. Ila siku mbili kwa wiki anafundisha.

— Anamfundisha nani?

— Wanafunzi wa chuo hicho hicho.

Rwezaura aliweka kikombe chini kabisa, kwenye vumbi.

— Ngoja. Anakwenda kusoma?

— Anakwenda kusoma.

— Na hapo hapo anafundisha?

— Hapo hapo.

— Sasa akichelewa kipindi, anachapwa au anachapa?

Hilo hakuna aliyelijua. Xaveri mwenyewe alikuwa amelilalia siku tatu kwa namna nyingine. Yeye aliishia darasa la nne, kijijini Songambele, mtoto wa vibarua waliovuka kutoka Burundi wakalima vibanja vya watu. Kwa akili yake shule ilikuwa na pande mbili, wanaokaa na wanaosimama, na mtu hawezi kuwa pande zote mbili kama vile gunia haliwezi kujibeba.

— Wahenga hawakukosea, — alisema Rwezaura. — Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wakatikisa vichwa. Ilikuwa methali nzito, na ilisemwa vizuri. Kokubanza peke yake ndiye aliyebaki ameshikilia birika hewani.

— Mbachao ni nini, Mheshimiwa?

— Mbachao ni samaki. Wa huko pwani.

— Na msala?

— Msala si ndiyo msalani? Choo.

— Kwa hiyo usimwache samaki kwa sababu ya choo kinachopita. Choo kinapitaje?

— Methali haiulizwi, Kokubanza. Inamezwa.

— Maana yake, — alisema Cleophace, akimsaidia mwenzake, — ashike kazi iliyopo. Hiyo ofisi ina paa, unaliona kutoka hapa. Huko Ulaya nani kakuonyesha paa?

Xaveri alitazama. Paa la ofisi lilionekana kweli, bati la bluu juu ya miti. Kwa miaka sita, kila aliposhusha gunia mgongoni na kunyoosha kiuno, macho yake yalikwenda pale. Alishapanga namna atakavyomsindikiza asubuhi ya kwanza, atakavyovaa koti la harusi ya shemeji yake, na atakavyoishia mlangoni bila kuingia, ili watu waone kwamba hakuja kuomba kitu.

— Lakini mimi najua kwa nini wanamtaka, — alisema Rwezaura, akisogea ili sauti yake iwafikie hata waliokuwa wakisubiri gari. — Wazungu wameishiwa hesabu. Wamezitia zote kwenye simu, sasa mtoto wa kule ukimwambia saba mara nane anatafuta chaji. Ndiyo maana wanachukua za kwetu. Walianza na kahawa.

— Si simu, ni ndizi, — alisema Cleophace. — Kitaalamu, mtu aliyekulia kwenye migomba anahesabu kabla hajatembea. Vichana kwenye mkungu, mikungu kwenye shina, mashina kwenye kibanja. Ile inaingia kwenye damu. Wakimpima tu wanaiona.

— Wamempima?

— Hawezi kukwambia kama wamempima.

— Na akishatuhesabu? — aliuliza Kokubanza.

— Hapo sasa ndipo penyewe, — Rwezaura alishusha sauti. — Akishajua tuko wangapi, na nani anaumwa nini, wanaleta dawa kwa idadi. Ukizidi kwenye idadi, hupati. Tayari wameanza na mbu. Shemeji yangu huko Kyerwa kaniapia ameona mbu ana madoa meupe miguuni. Unadhani yale madoa ni ya nini? Yule mbu keshahesabiwa.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, — alisema Cleophace kwa huzuni, na hakuna aliyejua kama alikuwa anamsema mbu au Uwizeye.

Xaveri alicheka pamoja nao, lakini neno la kuhesabiwa halikumtoka akilini. Watu wa asili yake walijifunza mapema kwamba mwenye daftari akifika mlangoni, jibu fupi ndilo jibu zuri. Mko wangapi? Sisi ni hawa. Mmetoka wapi? Hapa. Na sasa mwanawe mwenyewe ndiye aliyetaka kuzunguka na daftari maisha yake yote. Ofisini angalau angekaa, watu wamfuate.

— Gunia, — alisema Kokubanza polepole. — Anakuja.

Uwizeye alikuwa anavuka kutoka upande wa stendi, amevaa sketi ya kazi na raba, begi begani. Hakuwa na haraka. Alifika, akainama kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, — waliitikia kwa pamoja, wakajivuta hata pasipokuwa na haja ya kujivuta. Wasichana hawakai kwenye benchi lile. Uwizeye naye hakukaa hapo, alivuta kreti tupu la soda akakaa akiwatazama.

— Baba, mama amesema kama hurudi nyumbani, mimi nije huku.

— Nilikuwa narudi.

— Nimekuja kukupunguzia safari.

Kokubanza akampa kikombe. Rwezaura, ambaye hakuwahi kumwacha mgeni apumzike, akaanza.

— Mwanangu, tumelichambua suala lako. Limebaki jambo moja dogo. Wewe huko ni mwalimu au ni mwanafunzi?

— Vyote, mzee. Siku tatu nasoma na kufanya utafiti wangu. Siku mbili nawafundisha takwimu wanaosomea afya ya jamii, walio chini yangu. Kama fundi mdogo gereji. Anajifunza kwa mkubwa, lakini wanaokuja nyuma yake anawaonyesha namna ya kushika spana.

— Kumbe, — alisema Rwezaura. Alionekana kuumia kidogo kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

— Mwaka wa kwanza niko huko. Wa pili na wa tatu narudi huku, vijijini, Kyerwa na Karagwe. Wa mwisho naandika.

Xaveri akageuza shingo. Hilo la kurudi hakuwa amelisikia. Kweli, hakuwa amekaa nyumbani muda wa kulisikia.

— Huku unatafuta nini? — aliuliza Cleophace. — Wagonjwa wote wako zahanati.

— Natafuta ambao hawakufika zahanati, — alisema Uwizeye. — Watoto wachanga. Mtoto akizaliwa nyumbani akafariki ndani ya wiki, hakuna alipoandikwa. Kitabu kinasema hakuzaliwa, hakufa, hakuwepo. Dawa, wakunga, barabara, vyote vinapangwa kwa kufuata kitabu. Watafiti wamewahi kuja kuuliza, ila wanawauliza akina mama tu. Akina baba hawaulizwi. Wanasema akina baba hawajui.

— Nani kasema hatujui? — Rwezaura aliuliza.

— Imeandikwa hivyo. Mimi nataka nione kama ni kweli.

— Niulize mimi. Sasa hivi.

Uwizeye alisita, akamtazama baba yake, kisha akafungua begi akatoa daftari na kalamu.

— Umezaa watoto wangapi, mzee? Walio hai, waliofariki, na waliozaliwa wakiwa tayari wamefariki. Wote.

— Tisa, — alisema Rwezaura papo hapo.

Kisha akafungua vidole kuhakikisha. Alihesabu mkono wa kulia, akaenda wa kushoto, akarudi. Alitaja majina kwa midomo bila sauti. Alipofika kwenye kidole gumba akakishika, akabaki amekishika.

— Kantengwa, mke wangu wa kwanza, alizaa pacha, — alisema. — Mmoja ndiye huyu yuko Mwanza. Yule mwingine wanawake walimfunika kitenge wakatoka naye. Sikuonyeshwa. Huyo anaingia?

— Anaingia.

— Na kulikuwa na wa kabla yake. Au ilikuwa mimba tu? Niliambiwa mama mtu hajisikii vizuri. — Alikiachia kile kidole. — Hapo sijui, mwanangu. Kwa kweli sijui.

Uwizeye aligeuka kwa Cleophace. Dokta alikuwa ameshafungua kinywa tangu mwanzo, tayari, kwa kuwa yeye ndiye aliyewahesabu watu miaka kumi na moja, wakiingia na wakitoka.

— Mimi ni saba, — alisema. Akafikiri. — Weka saba kwa penseli. Nitamuuliza mama watoto.

 Kokubanza akarudisha birika lake juu ya mkaa. Wanaume hawa walijua kwa nini mvua ilichelewa, nani atashinda uchaguzi wa nchi za watu, na mbu walitoka wapi. Basi dogo la Rugu likapiga honi stendi, likaondoka.

— Sita, — alisema Xaveri.

Uwizeye aliinua macho.

— Baba, mimi sijakuuliza wewe.

— Niandike. Sita.

— Sisi ni wanne.

— Nyie ni wanne. Mimi nina sita.

 Xaveri aliongea akitazama mikono yake, polepole, kama anavyoshusha gunia ambalo mshono wake umelegea.

— Wa kwanza alikaa siku nane. Tulikuwa Songambele, kibarua kwenye shamba la mtu. Siku ya tisa ilikuwa apewe jina, alikufa alfajiri. Homa. Wa pili tulimwita Hagenimana, Mungu ndiye apangaye, kwa sababu ya yule. Alifika miezi mitano. Alikuwa anacheka huyo. Kikohozi, katikati ya mvua, nikambeba kwenda kutafuta dawa, na njiani akawa mzito. Mimi ni mtu wa mizigo, nilijua uzito ulipobadilika. Tuliwazika wote wawili nyuma ya migomba ya mwenye shamba, akauza shamba, walionunua wakang'oa migomba. Mimi na mama yako tukaambiana tusiwahesabu tena. Ulipokuja wewe tukakuita Uwizeye. Aliyetumaini. Uliwahi kuniuliza kwa nini jina hilo, nikakwambia ni la bibi yako. Si la bibi yako.

Uwizeye hakuwa ameandika kitu. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

— Niandike kweli, Baba?

— Andika. Hagenimana umwandike na jina. Yule wa kwanza acha nafasi.

Akaandika. Iliwachukua wote muda, kwa sababu ilibidi aufute uso wake kwa mkono wa blauzi mara mbili, na Kokubanza akamnyang'anya kikombe kilichopoa akamwekea cha moto bila kuulizwa.

— Kuhusu Jumatatu, — alisema Xaveri. — Ofisini watapata mtu mwingine wa kukaa mezani. Kayanga nzima inataka kukaa mezani. Hili swali lako mimi nina miaka hamsini na tisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nenda.

— Baba, ile kazi ulikuwa umeshaitangaza.

— Nitaitangua. Hapa kijiweni tunatangua vitu kila siku.

Rwezaura alisafisha koo.

— Mimi nilisema tangu mwanzo aende, — alisema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia.

Waliondoka pamoja, baba na binti, kwa miguu, kupita nyuma ya soko.  Kwenye mteremko Uwizeye aliuliza Hagenimana alifanana na nani, Xaveri akasema alifanana na Bigirimana, mdogo wake Uwizeye, hasa paji la uso. Walipokaribia nyumbani mwendo wa Xaveri ukapungua. Alikuwa amevunja jambo walilokubaliana watu wawili, na yeye alikuwa mmoja tu.

Speciose alikuwa nje ya jiko, kwenye kigoda, anamenya ndizi. Alimwona mumewe, akamwona binti na macho yake mekundu, akaendelea kumenya.

— Umempa neno? — aliuliza.

— Nimempa. Anakwenda.

— Aende. Mimi nilishamwambia tangu Jumatano.

Xaveri akakaa kwenye ukingo wa baraza. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

— Speciose. Aliniuliza watoto. Nikamwambia wale.

Kisu kikasimama. Ndizi ilikuwa nusu imemenywa, utomvu unamtiririka kwenye kidole gumba.

— Ulimwambia wangapi?

— Sita.

Speciose alimenya ile nusu iliyobaki, akaitia kwenye sufuria la maji, akachukua nyingine. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta namna ya kumpa mwenzake kitu kizito bila kumwangushia mguuni.

— Saba, — alisema.

Xaveri alimtazama.

— Kati ya Hagenimana na huyu. Ule msimu uliokwenda Rugu kuvuna kahawa ya watu. Miezi ilikuwa haijatimia, na hakulia. Msichana. Mama Kemilembe, jirani, ndiye aliyenisaidia, na shimo tulichimba sisi wawili. Ulirudi baada ya wiki sita ukanikuta nimeshapona. Ulikuwa umeniletea sabuni na kitenge, ukafurahi sana. Nikaona nikuache na furaha yako.

Mlangoni Uwizeye alikuwa amesimama na begi lake begani, hakulifungua.  Xaveri akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kisu cha pili na kigoda. Akakiweka karibu na cha mkewe, karibu kuliko ilivyo desturi ya watu wa umri wao, akachukua ndizi.

— Nisimulie, — alisema. — Anza siku niliyoondoka.